Sikio la Mwanamke wa Chokaa

Kipande kikubwa nilichobaki nacho ni sikio na nywele kidogo za rangi ya dhahabu. Ukubwa wake ni wa kiganja, unene wa kidole, na nyuma yake imeng'ang'ania simenti ya kijivu niliyoipaka kwa mkono wangu mwenyewe. Nimehama vyumba vitano tangu wakati ule, kutoka Saint-Josse hadi Schaerbeek, kutoka Schaerbeek hadi Molenbeek, na kila ninapohama nakikuta ndani ya soksi chini ya sanduku, nami naketi kitandani nakitazama badala ya kufungasha. Chokaa inaendelea kupukutika unga. Simenti haijapungua hata chembe.

Nilizaliwa Likasi, katika nyumba ya matofali ya udongo. Baba yangu alikuwa na ndoto moja tu inayoweza kushikwa kwa mkono, nayo ilikuwa simenti. Kwetu mtu hahesabiwi kuwa amejenga mpaka apige simenti. Kabla ya hapo amejikinga mvua tu. Siku sakafu ya sebule yetu ilipopigwa, mama alivua viatu mlangoni na kukataa kuingia navyo, kama anaingia mbele ya altare. Na alipotarajiwa mgeni mkubwa, padri au mjomba kutoka mgodini, kazi ya kwanza haikuwa kupika bali kuziba nyufa. Ukuta unaotazama barabara ulipakwa simenti mpya, hata kama zile kuta tatu nyingine zilibaki na matundu ya kupitisha kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwetu mwenyeji alianza kupona ukutani.

Nilimaliza sekondari, nikaondoka. Kigoma, Dar es Salaam, ambako nilijifunza Kiswahili hiki cha vitabu ninachoandikia, kisha mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilijikuta katika mji mdogo wa soko huko Uingereza, nikifungasha karoti ndani ya banda kubwa lenye baridi. Vibali vyangu vilikuwa kama godoro la kuazima. Nililala juu yake nikijua litadaiwa.

Jumapili mji ule ulikuwa umekufa, nami sikuwa na mtu wa kumtembelea, kwa hiyo niliyatembelea majengo. Mama mmoja wa maktaba alikuwa amenipa karatasi yenye ramani ya majumba ya kale, nikaizungusha mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kulikuwa na ukumbi wa soko uliosimama juu ya nguzo za mawe. Chini yake, zamani, wakulima waliuza siagi na jibini mvua isiwaguse, na juu yake ndiko kesi zilikoamuliwa. Kulikuwa na nyumba ya wageni yenye lango refu kupita kiasi, kwa sababu lilijengwa kwa ajili ya magari ya farasi. Kulikuwa na hori la mawe walilonyweshea ng'ombe siku za gulio, sasa limepandwa maua. Kulikuwa na safu ya nyumba zenye mbao nyeusi zilizojitokeza ukutani kama mbavu, na zimeegemeana kama walevi watatu wanaorudi nyumbani. Niliambiwa kwamba nyumba hizo zinalindwa na sheria, na kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha hata dirisha lake bila ruhusa. Nilisimama pale na koti langu la karoti nikafikiri: hapa nyumba ina vibali kuliko mimi.

Jumamosi moja nilimkuta fundi mwashi mzee kwenye ukuta wa shule ya kale karibu na kanisa. Alikuwa na patasi na nyundo ndogo, anachokonoa simenti kutoka katikati ya mawe, na badala yake anaweka uji mweupe, kitu kama ugali uliokosa moto. Nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha shule, simenti imekosa nini?

Akanijibu polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto au na mgeni. "Simenti ni muuaji. Ukuta wa zamani ni wa chokaa, unapumua. Maji yanaingia, maji yanatoka. Ukiuziba pua kwa simenti, maji yanabaki ndani. Ikija baridi, maji yanakuwa barafu, na ukuta unapasuka kutoka ndani." Akanionyesha jiwe ambalo uso wake ulikuwa umebanduka kama ganda la yai.

Nilimshukuru. Nikaenda zangu nikicheka moyoni. Watu hawa, nilijiambia, wamekuwa na simenti kwa muda mrefu mpaka wameichoka. Baba yangu alikufa akiitamani ya kuta tatu zilizobaki.

Naandika haya mapema ili msomaji ajue: mimi niliambiwa.

* * *

Brussels nilifika kwa sababu godoro lilidaiwa. Nilipata chumba katika nyumba nyembamba ya Saint-Josse, ghorofa ya pili upande wa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kibelgiji aliyekaribia miaka themanini, anayeishi chini katika vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa, cha katikati kikiwa hakina dirisha. Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kifaransa ninatoka wapi. Nilipomwambia Likasi, alitaja jina la zamani la mji, lile la Wabelgiji, kisha akafungua mlango kwa upana na kusema kwa Kiswahili:

"Ingia! Panguza miguu! Funga mulango!"

Alikuwa amekulia Katanga, jimbo letu, mpaka akawa msichana mkubwa. Baba yake alikuwa mjenzi huko. Kiswahili alikijifunza jikoni na uani, akisikia watu wazima wakizungumza na watumishi, kwa hiyo alichokuwa nacho chote kilikuwa amri. Leta. Beba. Ngoja. Toka. Hakuwa na njia ya kuuliza kwa Kiswahili mtu ameamkaje. Lakini aliposema "leta mukate," uso wake ulilainika kama mtu anayemwita mwanawe, nami nilichukua muda kuelewa kwamba yeye alidhani hayo ndiyo maneno ya upendo, kwa kuwa ndiyo aliyoyasikia utotoni.

Ghorofa ya tatu aliishi mzee wa Lubumbashi, mpangaji aliyekuwepo miaka mingi kunizidi. Sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Mimi aliniita Anglais, Mwingereza, kwa sababu nilipitia Uingereza. Kila aliponiona naingia mlangoni na mfuko wa mkate wa mwenye nyumba, aliegemea kishikio cha ngazi akaniimbia kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndio" husemwa "njo":

"Eh, Anglais! Indépendance ilipita, weye haukusikia?"

"Nilisikia, tonton."

"Ulisikia! Na mukate ya madame unabeba kila siku. Boy ya kizungu, donc, njo kazi ulikuya kutafuta Ulaya?"

Nilimfundisha mjane maneno mengine, moja moja, jioni tukinywa kahawa katika chumba kile cha katikati. Umeamkaje. Pole. Asante. Tafadhali lilimchukua wiki kadhaa, na alilitamka kama watu wa Katanga, tafazali, akiliweka mwishoni kabisa, baada ya kupumzika kidogo, kama mtu anayekumbuka kutoa kofia akiwa ameshaingia kanisani. "Leta kahawa." Kimya. "Tafazali." Mwaka wa pili nikaacha kumwita madame. Nikamwita maman, yaani mama, naye hakukataa.

Sasa yule mwanamke mwingine, mwenye sikio. Alikuwa mbele ya nyumba, juu ya dirisha kubwa la ghorofa ya kwanza, kati ya alizeti: uso wa upande, nywele za dhahabu zimemwagika mpaka ukingoni, sikio moja, shingo ndefu. Hakuchorwa kwa brashi juu ya ukuta. Alikwaruzwa ndani ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, tabaka jeusi chini na jeupe juu, kisha akatiwa rangi na dhahabu kabla haijakauka. Aliyemtengeneza alikuwa na saa chache tu za kutokukosea. Picha za aina hiyo ziko nyingi katika nyumba za kale za Brussels, na watu hupita chini yake wakitazama simu. Mimi nilimtazama kila siku. Ufa ulikuwa umeanza kwenye bega lake, ukavuka shingo, ukaishia chini ya kidevu.

Kisheria nyumba ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtoto pekee wa maman, mwanamume wa umri wangu aliyeishi mbali na kuja mara chache akiwa na haraka. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imeshanunua nyumba tatu za jirani ili kuzibomoa na kujenga ghorofa mpya, na ilikuwa inaitaka ya nne, yetu. Maman alikuwa na ombi moja tu duniani, nalo alilisema kwa lugha zote mbili: afie katika chumba cha katikati, kama mumewe. Mwanawe alimwambia nyumba inaoza, ngazi za mlangoni zitamwua, na kuna nyumba nzuri ya wazee mwisho wa reli ya tramu.

Siku niliposikia hayo, nikakumbuka nyumba zenye mbavu nyeusi. Nikamweleza maman juu ya mji ule wa Uingereza, ukumbi wa soko juu ya nguzo, sheria inayokataza hata kugusa dirisha. Nikamwambia hapa pia lazima iko ofisi inayolinda majengo ya kale. Tuwaandikie. Waje wamwone mwanamke wa ukutani. Wakiiandika nyumba katika orodha yao, hakuna wa kuibomoa, na kampuni haitainunua.

Aliweka kikombe chini. "Weye uko na akili," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili chake kikisifu mtu.

Mwanawe alikubali kwa kuguna. Ikiandikwa, alisema, basi, mama atabaki. Isipoandikwa, nitauza. Barua tukaiandika, majibu yakaja: mkaguzi atafika mwanzo wa Novemba.

Mgeni anakuja. Wasomaji wa kwetu wameshajua nilifanya nini.

* * *

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye maeneo ya ujenzi, kwa hiyo ngazi, mwiko na nusu mfuko wa simenti havikuwa vigumu kupata. Jumamosi moja ya Oktoba, yenye jua, nikaisimamisha ngazi barabarani. Maman alitoa kiti nje akakaa kando ya barabara, blanketi magotini, kama yuko kwenye sherehe.

"Papa yangu alikuwa anasema, nyumba haina simenti ni nyumba ya panya," akanipigia kelele.

"Baba yangu pia, maman."

Nilifika juu. Sikuwahi kumwona karibu vile. Jicho lake lilikuwa mkwaruzo mmoja tu, mtu mmoja alivuta mkono mara moja zaidi ya miaka mia iliyopita na likawa jicho. Niliweka kidole ndani ya ufa, chokaa ikanimwagikia kiganjani, laini, kavu kama unga wa muhogo.

Na hapo nilimkumbuka. Yule fundi mzee, patasi yake, jiwe lililobanduka uso. Nilimkumbuka waziwazi, mpaka rangi ya kofia yake. Simenti ni muuaji. Nilisimama juu ya ngazi na mwiko umejaa, nikasikia sauti ile, na chini yangu maman alikuwa anapiga makofi.

"Kaza pale, ku shingo! Tia mingi, usiogope!"

Tonton naye alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Anglais! Ule mwanamuke unamufunga kravate? Eko naenda ku mariage?"

Watu wawili waliopita, waliodaka maneno tai na harusi kwa Kifaransa, wakacheka. Maman akacheka mpaka blanketi likaanguka. Ningeshuka vipi? Ningesema nini, kwamba mzungu mmoja aliniambia simenti ni mbaya, mimi mtoto wa Likasi, mbele ya binti wa mjenzi wa Katanga? Nilijiambia ile ilikuwa Uingereza, ilikuwa mawe, hii ni lipu. Nilijiambia mgeni anakuja baada ya wiki mbili na hawezi kumkuta mwanamke aliyekatwa shingo. Nikapaka. Nikajaza ufa wote mpaka begani, nikapiga simenti kuuzunguka uso ili kingo zisimomonyoke, nikaingiza nyuma ya sehemu zilizolegea. Nilifanya kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ilikuwa kazi nzuri kabisa, safi, iliyonyooka, ambayo baba yangu angeikagua kwa kiganja na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Jioni maman alinipikia mwenyewe. Tulikula chumba cha katikati. "Sasa nyumba iko na nguvu," alisema.

Mkaguzi hakuja Novemba. Barua ilisema ziara imesogezwa hadi Machi. Tukaona ni sawa. Simenti itakuwa imekauka vizuri zaidi.

Ilinyesha mfululizo, kisha ikaja baridi kali, ile inayofanya mifereji ya Saint-Josse iote meno ya barafu. Nilipita chini ya mwanamke yule kila alfajiri nikienda kazini, na kila alfajiri nilimwangalia haraka kama mtu anayenidai. Mwezi wa Februari niliona kivuli kando ya shavu lake. Kesho yake kivuli kilikuwa kimeongezeka. Haukuwa ufa, ulikuwa uvimbe. Ukuta ulikuwa unavimba kwa ndani.

Alianguka Jumanne, barafu ilipoanza kuyeyuka. Nilisikia kishindo kifupi, kama gunia la viazi lililotupwa kutoka kwenye lori. Niliposhuka maman alishafika nje, na slipa zake za ndani, amesimama katikati ya vipande. Uso wote ulikuwa chini, alizeti mbili pia. Juu ukutani ilibaki shingo, na ufa wangu wa kijivu umesimama peke yake hewani, imara, kama mfupa wa samaki.

"Okota," maman aliniambia. "Okota yote. Fanya mbiyo. Tutabandika."

Niliokota nimepiga magoti. Vingi vilikuwa unga. Tonton alishuka na ndoo, akapiga magoti kando yangu.

* * *

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vizito na daftari. Aliingia ndani kwanza, akasifu ngazi ya mbao, akasifu vioo vya rangi vya mlango wa ndani, nami moyo ukaanza kuinuka. Kisha akatoka nje, akaomba ngazi, akapanda. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na huku, kama daktari anayesikiliza kifua. Kila mahali paliitika utupu. Alikwangua ile simenti kwa ncha ya ufunguo. Akashuka taratibu.

"Nani aliweka simenti hapa?" aliuliza kwa Kifaransa. Hakuwa mkali. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa akakuta matanga.

Tulikuwa wanne barabarani. Mkaguzi, maman, tonton, na mimi.

"Ufa tu ungekuwa si kitu," aliendelea. "Tunaziba nyufa kila siku, kwa chokaa. Simenti imefungia maji ndani. Baridi imemaliza. Nani?"

Sikusema. Ombi langu la kibali cha kukaa lilikuwa mezani kwa mtu fulani mahali fulani, na nilikuwa nimejifunza miaka mingi kwamba mtu mwenye daftari akiuliza "nani", jibu si mimi. Ndivyo nilivyojitetea baadaye. Wakati ule sikufikiri hata hivyo. Mdomo tu ulikataa.

"Ni mimi," maman akasema.

Mkaguzi alimtazama, mwili wake mdogo, fimbo yake. "Bibi, ulipanda ngazi?"

"Nilipanda."

Mkaguzi aligeuka akaitazama mikono yangu. Niliitia mfukoni. Tonton alinitazama pia, akafungua mdomo, akangoja, akanipa nafasi yote mtu anayoweza kupewa. Kisha akasema, "Bon," akaingia ndani.

Nilimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, amekaa.

"Anglais. Weye ni muntu?"

"Tonton, karatasi zangu..."

"Karatasi." Alilisema neno hilo kama analitema. "Ile maman haina mutoto ya kweli. Alikuwa nafikiri eko na moja."

Majibu yalikuja kabla ya Pasaka. Nyumba haikuandikwa. Walieleza kwa adabu kwamba kilichoipa thamani kimepotea, na kwamba ndani, ingawa kuzuri, kunafanana na nyumba nyingine nyingi. Mwanawe alisoma barua amesimama, koti hajavua. Maman alichukuliwa siku ya kawaida ya kazi, kwa gari, na masanduku mawili na kiti kimoja. Aliponipita mlangoni alisema, "Funga mulango. Tafazali." Sisi wapangaji tuliambiwa tuondoke kabla ya mwisho wa kiangazi. Tonton alienda kwa binti yake Liège, hatukuagana.

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Mashine iliuma mbele, vyumba vitatu vikaonekana vikifuatana, cha katikati kikipata mwanga wa jua kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Kilikuwa na karatasi za ukuta za bluu. Kwa mwanga wa taa sikuwa nimewahi kujua ni za bluu.

* * *

Miaka ikapita. Kibali nilikipata, kililetwa na posta kama tangazo la duka. Nikaajiriwa na fundi anayerekebisha majumba ya kale, na siku ya kwanza alinipa patasi na nyundo ndogo akanionyesha ukuta wa nyuma wa kanisa. Kazi yangu ilikuwa kuchokonoa simenti ambayo mtu mwingine aliipaka zamani, kwa nia njema. Mwezi mzima. Kila kipande kilichotoka kilitoka na nyama ya tofali. Mwezi ulipoisha nikajua siwezi tena kwenda kumwona maman na kunyamaza.

Kwa maana nilikuwa naenda. Jumapili moja moja, tramu mpaka mwisho. Chumba chake kilikuwa safi, kipya, simenti kuanzia sakafu hadi dari, na dirisha lisilofunguka. Kila nilipofika alisema lile lile, akilaumu baridi na watu wa ofisi: "Baridi njo iliua ule mwanamuke. Baridi, na bale batu ya bureau." Naye alikuwa amejilaumu kwa sehemu yake. "Na miye," angeongeza, "miye na simenti ya papa yangu. Hatukujua, weye na miye. Nani angetuambia?" Neno "hatukujua" lilikuwa ndilo blanketi lake. Alijifunika nalo, na kila mara alinifunika nami pia.

Jumapili ile nilitoa soksi mfukoni, nikalitoa sikio, nikaliweka juu ya magoti yake.

"Maman, mimi nilijua."

Alilishika. Akalipapasa nywele kwa kidole gumba.

Nikamweleza. Mji mdogo wa soko, ukuta wa shule, fundi mzee, jiwe lililobanduka uso. Nikamwambia kila neno alilosema yule mtu.

"Ile Samedi," akasema mwishowe, akimaanisha Jumamosi ya simenti. "Ukiwa ku ngazi. Ulikuwa umesahabu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, dogo, lingetosha.

"Hapana, maman. Nilikumbuka."

"Na miye nilikuwa chini, napiga makofi."

"Ndiyo."

"Na ule mutoto mwanamuke wa bureau aliuliza nani. Nilisema ni miye. Sababu nilikuwa najua weye haukujua."

Nje tramu iligeuza, ikalia kwenye kona ya reli. Maman aliligeuza sikio, akaona simenti ya nyuma, akaikwaruza kwa ukucha. Haikutoka kitu. Akanyoosha mkono, akanirudishia.

"Toka," akasema.

Nilisimama. Nilifika mlangoni, nikavuta kitasa, na nyuma yangu, baada ya kile kituo chake kifupi ninachokijua kuliko sauti yangu, nikasikia:

"Tafazali."

Nilibaki kwenye korido mpaka taa, zile zinazowashwa na mtu anayetembea, zikazimika. Niliendelea kusimama gizani, sikio mkononi, nikisubiri amri yoyote. Leta. Ngoja. Hata funga mulango. Lakini mlango ule ulikuwa wa aina mpya, unajifunga wenyewe.